Masese Omosa na Vumbi la Bushi

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1998 mkewe Kemuma alisikia kikohozi kikavu, akakimbia akidhani ni mumewe, kumbe ni mtoto Elvis, mumewe alikuwa amekwisha kukata roho.

Marehemu Masese Omosa alizaliwa hapa Ogwedhi tarehe 14 Machi 1967, akasoma hapa hadi darasa la saba, akamaliza kidato cha nne Migori mwaka wa 1984, akajifunza kuchomelea vyuma, na mwaka wa 1991 akaajiriwa Homa Bay katika karakana ya Bwana Elkanah, ambaye tunamshukuru kwa jeneza na gari, yuko pale mbele kwenye kivuli.

Kazi yake, kwa wasioijua, ilikuwa kushika bunduki ya moto wa umeme na gesi, inayoyeyusha unga wa aluminiamu uliochanganywa na chembe za kauri zisizoonekana kwa macho, na kuupuliza juu ya kalibu inayozunguka, tabaka juu ya tabaka, hadi kalibu ikitolewa inabaki bushi, kile kibomba kifupi ambamo mhimili wa injini ya boti huzunguka, nyepesi, ngumu, isiyolika upesi, wavuvi wa kisiwa cha Remba ni mashahidi. Kila bushi aliigonga kwa spana, ikilia vizuri ni nzima, ikitoa sauti butu ina matundu ndani, ni ya kutupa. Barakoa ilikuwa moja, ya wageni, yeye alijifunga leso puani.

Alimwoa Kemuma tarehe 11 Desemba 1993, wakajaliwa Dolphine mwaka wa 1994 na Elvis mwaka wa 1997, ambaye mama yake alimbeba mgongoni akifua ovaroli za mumewe zilizojaa vumbi la karakana, akizikung'uta kwanza, jamani, nani alimwambia asizikung'ute?

Alianza kuugua mwaka wa 1996, na alipokonda alikuwa akijigonga kifuani kwa vidole, akisema, "Mama Dolphine, sikia, hii ni ya kutupa," halafu anacheka hadi anakosa pumzi.

Juzi Bwana Elkanah alimwita Kemuma kando akamwambia, "Mama, kwenye wasifu wa marehemu andika tu aliugua kwa muda mfupi, hayo ya vumbi yaache," naye akaahidi kwamba mazishi yakiisha hatamwambia mtu yeyote. Lakini Masese aliugua miaka miwili, ni vumbi, na tunalisema hapa kwa sababu Elvis anakohoa vilevile, na daktari atatibu vipi asichoambiwa?

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, hasa mnaorudi kesho na leso zenu.

Lala salama, Masese, kifua kimetulia. Na Bwana Elkanah asiwe na wasiwasi, Kemuma ataishika ahadi yake, tukitoka kaburini hatamwambia mtu mwingine.