Bwana Alinitoa Chini ya Kwato kwa Mkono wa Barisa

Nawasalimu katika jina la Yesu, ndugu zangu, na leo nawaomba msiniitikie Amina upesi. Ngojeni kwanza nifike mwisho.

Mwezi uliopita mgeni mmoja alisimama hapa hapa kanisani kwetu akatuwekea kanda ya ushuhuda. Mlisikia jinsi kikundi cha kusifu kilivyokwenda misheni Tana River, na jinsi wapinzani wa Injili walivyokiachilia kundi la ng'ombe ili likiue. Mlipiga makofi. Mama mmoja alilia. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, nimejaa hasira, kwa sababu yule mpiga gitaa anayetajwa kwenye kanda, aliyeangushwa na ng'ombe, ni mimi. Na haikuwa hivyo.

Nimezaliwa katika milima hii ya Taita, kama mnavyojua, na miguu yangu haikupewa utulivu. Nilipomaliza kidato cha nne nilishuka Mwatate kwenye mashamba ya katani, kisha Mombasa, kisha Malindi nikipiga gitaa hotelini, kisha Gongoni nikibeba chumvi. Nilikofika kote nililia moyoni nikikumbuka ukungu wa Wundanyi, na niliporudi Wundanyi sikumaliza mwezi kabla ya kuutazama tena mteremko wa kwenda Voi. Bwana aliniokoa nikiwa Malindi. Mchungaji mmoja wa Garsen akaniambia kanisa lake lina waimbaji wazuri, ila hawana wa kuwafundisha. Nikachukua gitaa nikaondoka.

Ilikuwa baada ya ile mvua ya El Nino. Mabasi yalisafiri kwa msafara, askari wenye bunduki mbele na nyuma, kwa kuwa majambazi walikuwa wakivizia njiani. Basi letu lilizama kwenye udongo mweusi kabla ya Garsen, likakataa kutoka. Tukaambiwa atakayeweza atembee. Nilijitwika gitaa kichwani, nikaenda matope yakinifika magotini, huku na huku maji, nisijue barabara iko wapi. Nilikuwa sijala tangu jana yake.

Ndipo nilipomwona mtu mmoja mwembamba, mfugaji wa Kiorma, amesimama na fimbo mabegani. Akaniuliza:

"Hiyo ni nini kichwani?"

"Ni gitaa."

"Inatoa maziwa?"

"Haitoi."

"Basi wewe iko na shida," akasema, akanipa kibuyu chake cha maziwa nikanywa mpaka nikaona haya.

Huyo ndiye Barisa. Alinipitisha kwenye ardhi ngumu iliyokanyagwa na ng'ombe miaka na miaka, mpaka nikaziona nyumba za Garsen. Njia hiyo aliiita malka. Ni nafasi inayoachwa wazi katikati ya mashamba ili mifugo ya nyikani ifike mtoni kunywa. Hapandi mtu pale, wala hajengi. Mkulima analijua hilo, mfugaji analijua, na mgeni kama mimi nililijua siku yangu ya kwanza, kabla hata sijajua choo kiko wapi.

Niliishi Garsen, nikafundisha kwaya. Ndugu zangu, sijawahi kusikia sauti kama zile. Aliyeongoza ni Mama Komora, Mpokomo, mkulima wa mpunga na ndizi, sauti yake unaisikia ukiwa ng'ambo ya mto. Tuliimba Kiswahili, tuliimba Kipokomo, kwa ngoma na gitaa moja. Barisa akija sokoni hupita dirishani na kuniuliza kama gitaa limeanza kutoa maziwa.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, kanisa kubwa la mjini lilituletea Mratibu wa kutuandaa kwa misheni ya wiki moja katika kijiji kilicho mbele ya Ngao. Jina lake silitaji. Kijiji nacho sikitaji, kwa kuwa watu wake bado wanaishi na majirani zao, na maneno hufika mbali.

Alikuja na jenereta, kinanda, spika za pembe na sare za kijani. Kwa hayo tulimshukuru. Lakini nyimbo za Kipokomo alizikata zote. "Hizo mtaimba mkienda shambani," akasema. Hasira yangu ilianza hapo, lakini nikafundisha nyimbo zake na kule kuruka-ruka kwake.

Siku moja akatuambia kila mwimbaji aandae ushuhuda wa kutoa jukwaani. Mama Komora akasimama.

"Mafuriko yalichukua mpunga wangu wote," akasema. "Tulikaa juu ya tuta na watoto, maji pande zote. Jirani akatuletea maziwa kwa mtumbwi kila siku, mpaka maji yakashuka. Namshukuru Mungu tuko hai."

Mratibu akatikisa kichwa. "Mama, adui yuko wapi?"

"Adui gani?"

"Ushuhuda bila adui haumgusi mtu. Nani alikupinga?"

"Si nimesema? Maji."

"Maji si adui. Huyo jirani ni wa dini gani?"

"Ni Mworma. Mwislamu."

"Basi hapo ndipo penye ushuhuda."

"Hapo ndipo penye maziwa," Mama Komora akajibu, akaketi.

Tulicheka sana. Mratibu hakucheka. Yalikuwa maandalizi ya misheni, jamani, na mtu anafundishwa kumtafuta adui ndani ya kibuyu cha maziwa! Watu wale walifunga na kuomba kwa ajili ya safari ile. Mama Komora alizaliwa katika kijiji hicho, na kaka zake bado wanalima pale. Alikuwa akienda kuwaimbia ndugu zake.

Tulifika mchana. Mratibu akazunguka akitafuta mahali pa jukwaa. Huku ni migomba, kule ni mahindi, kule ni nyumba. Kisha akapaona pahali peupe, papana, pamesafishwa vizuri, panateremka hadi mtoni na upepo unavuma. "Bwana ametuandalia uwanja," akasema.

Ilikuwa malka.

Tulimwambia, si mtu mmoja, sote. Hata mwenye nyumba tuliyofikia alimwambia. Mama Komora alisema, "Mtumishi, hapa ng'ombe hupita, na huu ni ukame."

"Mama, Mungu aliyefunga vinywa vya simba atashindwa na ng'ombe?"

Ndugu zangu, hilo nalo ni jibu? Danieli alitupwa katika tundu la simba, hakwenda kupiga hema humo kwa kuwa alipenda upepo wake. Lakini neno likisemwa kwa kipaza sauti, watu huona haya kulipinga. Tukapanga mapipa, tukaweka mbao, tukafunga spika.

Alasiri akaja Barisa. Kiangazi kilikuwa kimemleta upande ule na mifugo yake. Alituamkia vizuri, akanicheka kwa ile sare ya kijani, akasema nimekuwa kama kasuku. Kisha akamwendea Mratibu.

"Ndugu yangu, ng'ombe iko nyuma inakuja. Imetembea mbali, haijakunywa. Sogea tu pale kando, mimi mwenyewe nitakaa nisikie nyimbo."

"Tuna ruhusa ya chifu."

"Chifu anajua. Ng'ombe haijui chifu."

"Tutamaliza jioni. Wangoje."

Barisa alinitazama, kama mtu anayeuliza iwapo huyu ni mzima. "Ikisikia harufu ya maji, nani atashika?" akasema, akakimbia kurudi kwa vijana wake ili wajaribu kuwazuia. Na Mratibu akaniambia nianze wimbo, akaongeza sauti.

Tulipoona vumbi, Mama Komora aliwashusha waimbaji wote akawapeleka kwenye migomba. Mimi nilibaki nikivua mkanda wa gitaa, waya umenizunguka mguu. Ng'ombe walikuja kwa kasi, pembe juu, macho yametoka kwa kiu. Zile pembe za spika zilipiga kelele mbele yao, wakagawanyika. Wengine walivamia mahindi ya kaka yake Mama Komora, wengine walikuja moja kwa moja jukwaani. Mbao ziliruka. Nilianguka kifudifudi, waya mguuni, nikaita jina la Yesu mara moja tu, maana sikuwa na pumzi ya mara ya pili.

Nikaona miguu ya mtu imesimama juu ya mgongo wangu, mmoja huku, mmoja kule. Barisa alikuwa ameingia katikati ya ng'ombe wake, anapiga fimbo kulia na kushoto, anawaita kwa majina yao. Na wanyama wale wenye kiu, ndugu zangu, walimpisha. Walipita pande zote mbili kama maji yanavyopita penye kisiki. Mmoja alimkanyaga mguu akauvunja. Hakutoka juu yangu mpaka wa mwisho alipofika mtoni.

Bwana alinitoa chini ya kwato. Nashuhudia hivyo, na nitashuhudia hivyo mpaka nife. Lakini mkono alioutumia ni mkono wa Barisa, na anayeuficha mkono huo anamwibia Mungu.

Mratibu wakati huo alikuwa ndani ya gari, amepandisha vioo.

Kaka zake Mama Komora walikuja na mapanga wakiyaangalia mahindi yao. Hapo ndipo damu ingeweza kumwagika. Mama Komora alisimama mbele yao na ile sare yake ya kijani.

"Mnamkata nani? Aliyevunjika mguu, au yule aliye kwenye gari? Mimi ndiye niliyewaleta hawa. Anzeni na mimi."

Barisa alikuwa ameketi chini akishika mguu. "Shamba nimeona," akasema. "Wazee wangu watakuja, tutakaa." Nao wakaweka mapanga chini, na jioni ile ile wakakaa, wakapatana, kama walivyopatana tangu zamani. Mmoja wa kaka zake Mama Komora ndiye aliyemfunga Barisa mguu kwa vipande vya mti.

Yangeishia hapo. Lakini gari la Mratibu lilikuwa limeshatangulia Garsen, na katika kituo cha polisi akaandikisha kwamba tumeshambuliwa kwa makusudi. Barisa alipoletwa mjini ili atibiwe, alikamatwa. Akawekwa ndani na mguu wake ule.

Jumapili Mratibu alipanda mimbarini. Alisimulia mnayoyajua kutoka kwenye kanda. Kisha akaniita. "Ndugu yetu huyu alionja mauti. Njoo uthibitishe."

Nilikwenda mbele. Nilikuwa nimekaa na hasira hiyo siku zote zile kama mtu aliyemeza kaa la moto. Nilisema, "Ng'ombe walikuwa na kiu, na sisi tuliziba maji. Mtu aliyeniokoa yuko kituoni, mguu umevunjika, kwa maneno ya huyu. Mimi nakwenda kumtoa."

Kisha Mama Komora akainuka, akajifunga leso kiunoni juu ya sare, akaanza kutoka. Waimbaji wote wakamfuata. Hatukuimba. Tulipita sokoni watu wakitushangaa, kijani kitupu, hadi kituoni.

Askari wa zamu aliinua kichwa. "Nyinyi nyote? Mmekuja kuimba au kushtaki?"

"Tumekuja kumchukua jirani yetu," Mama Komora akasema. "Waliokanyagwa ni sisi, na hatuna mashtaka. Kama lazima mtu alale ndani, wewe hesabu sare, uchague."

Askari alitutazama, akamtazama Barisa kwenye benchi nyuma ya kaunta, mguu umevimba. Akaita mkubwa wake. Tuliandika maelezo yetu mmoja baada ya mwingine, na kabla jua halijashuka tulimbeba Barisa tukampeleka kwa daktari. Safari ile ya kutoka kanisani hadi kituoni, kwangu mimi, ndiyo misheni tuliyoifungia na kuiombea.

Nimshukuru Mungu kwa maisha yangu, kwa mguu wa Barisa uliopona ingawa umepinda kidogo, na kwa kijiji ambacho hakikuzikana kwa ajili yetu. Na nyinyi mnaojiandaa kwenda misheni mwezi ujao, mwaminini Bwana kwa moyo wote. Yuko kule mnakokwenda, amefika kabla yenu. Lakini mkifika, ulizeni kwanza maji yanapitiwa wapi, na mkiambiwa, sikieni. Na kanda ile msiiweke tena. Barisa yuko hai, na hana kipaza sauti cha kujitetea.

Baada ya Jumapili ile mchungaji wetu wa Garsen, kwa kuliogopa kanisa kubwa, aliniomba nipumzike kufundisha. Sikubishana. Miguu yangu tayari ilikuwa imeanza kuikumbuka milima. Asubuhi niliyoondoka Garsen nisirudi tena, Mama Komora alinisindikiza hadi penye basi, na pale tukamkuta Barisa ameegemea fimbo.

"Mtaita," akasema, "hiyo gitaa bado haitoi maziwa?"

"Bado."

"Mimi nilijua." Akanipa kibuyu kimejaa. "Kunywa. Barabara ni ndefu."

Nilikinywa nikiwa nimesimama, nikalia mbele ya abiria wote, wala sikuona haya.

Sasa, ndugu zangu, mnaweza kuniitikia.