Nilipoulizwa Hali ya Nyumbani

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana leo mdomo wangu ni mdogo kwa hili nnalotaka kulisema.

Mimi ni Neema, wa hapa Kikwajuni. Baba yangu, fundi seremala, alifariki nikiwa kidato cha pili, mama akabaki akifua nguo za watu. Nikamaliza kidato cha sita, nikapata nafasi chuoni kusomea uuguzi. Ada hatuna! Ndugu zangu, nilijaza fomu za ufadhili mpaka kidole kikaota sugu. Mahali pamoja tu wakaniita kwenye usaili.

Nikaazima viatu, nikaenda. Mzee mwenyekiti wa kamati yao ya ufadhili akaniuliza kwa upole hali ya nyumbani. Nami nikamjibu kama nilivyolelewa, kama tunavyojibu sote mitaa hii: hatujambo, tunamshukuru Mungu, hatujapungukiwa na kitu. Akaandika. Nilijifungia mlango mwenyewe, tena kwa adabu! Wiki iliyofuata nikaambiwa nafasi wamepewa wenye shida zaidi. Siwafichi, nilimnung'unikia Mungu.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni Bi Zuhura, mjane, Muislamu, mshona kofia. Akataka kujua nilijibu nini huko. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akavaa buibui lake akatoka. Hakuaga.

Kumbe alikwenda kwa miguu hadi ofisini kwa wale wafadhili. Baadaye mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyenisimulia alivyosimama mbele yake.

"Mtoto yule hakukwambia uongo," alimwambia. "Ndivyo tulivyomfunza wenyewe, njaa yake asimwambie mtu. Muulize tena, lakini muulize jana wamekula nini."

Nikapigiwa simu nirudi. Mzee akaniuliza vivyo hivyo, jana tumekula nini. Nikaomba kimoyomoyo, ndugu zangu!

"Chai ya rangi, baba. Na juzi pia."

Akavua miwani. Halafu akaniambia kwamba asubuhi ileile mwombaji mmoja alikuwa amerudisha nafasi yake, amepata ufadhili kwengine. Asubuhi ileile! Nikapewa mimi, ada ya miaka yote mpaka nimalize. Nilipiga magoti nikingoja malaika, na Mungu akamtuma mwanamke asiyesali nasi, aliyekuwa akinisikia nikilia nyuma ya ukuta.

Sasa nimo mwaka wa pili. Namshukuru Mungu, namshukuru Bi Zuhura. Na wewe uliyeketi hapo, kila ukiulizwa unasema hujambo huku moyo unavuja, mwamini Mungu na umwambie ukweli wote, kisha usimfiche mwenzio. Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni. Njoo. Sitakuuliza hujambo, nitakuuliza umepungukiwa na nini. Amina.