Mwalimu Kibona na Chai Isiyotiwa Sukari

Ndugu waombolezaji, Bwana asifiwe. Mimi ni Fides, mtoto wa pili wa marehemu. Nimepewa kazi hii kwa sababu kaka yangu Gasper hawezi kusoma bila kulia. Mimi si mtu wa kulia, mnanijua.

Marehemu Mwalimu Andongwisye Kibona alizaliwa Isongole, wilayani Ileje, tarehe 14 Agosti 1951. Alianza shule hapo hapo nyumbani mwaka 1960, kila siku na kipande cha muwa mfukoni. Mwalimu wake alipomkuta akitafuna darasani akashika fimbo, Baba alimjibu, "Naomba nimalize kwanza." Mwaka 1973 alihitimu ualimu, akafundisha Kiingereza huko Galula, kisha hapa Tunduma hadi alipostaafu Agosti 2011. Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, Atuganile, ambaye alijifunza mapema kwamba chai ya Mwalimu ni ya vijiko vinne.

Machi 2013 aligundulika ana kisukari, na daktari akamkataza sukari. Alinyong'onyea kuliko nilivyomwona kwenye msiba wowote. Wakati huo alikuwa akiwajazia madereva wa malori fomu za mpakani, na dereva mmoja wa Ndola, Zambia, alimletea shukrani yake: kamusi nene ya Kiingereza cha kale, isiyo na jalada. Baba akaanza kutafuta humo maneno yaliyobeba utamu na kuyanakili kwenye daftari. Alinionyesha "werod", lililokuwa neno la kinywaji kitamu, ambalo lilikufa zamani na Waingereza wenyewe hawalijui tena. Alinionyesha "meledeaw", ambalo lilianza kama umande wa asali, likaja kuishia kuwa jina la ukungu wa ukutani. "Maskini," alisema, kana kwamba anamzungumzia jirani. Ikawa desturi yake: jioni anashika kikombe cha chai isiyo na sukari, anatamka juu yake neno moja taratibu, anasubiri kidogo, halafu anakunywa. Tulimcheka sana.

Mwaka 2019 nilionja mabaki ya kikombe chake. Jamani, ilikuwa tamu! Nikafungia sukari yote kwenye sanduku la bati na ufunguo nikauvaa shingoni. Kesho yake nikaonja tena, tamu vile vile. Sisimizi nao wakaanza kupanga foleni ukutani. Walipita bakuli la ndizi mbivu bila kusimama, wakaenda moja kwa moja kwenye daftari la Baba, wakajaa juu ya yale maneno tu. Pembeni mwa karatasi hakuwepo hata mmoja. Nasema nilichokiona.

Hata hivyo nilimgeukia Mama. "Unavuka mpaka hadi Nakonde kununua sukari kwa siri! Utamuua Baba!" Mama akanijibu, "Fides, mwanangu, sijavuka tangu Pasaka. Muulize yeyote." Sikumuuliza mtu. Kwa miaka sita sikula chakula cha mkono wake, na salamu nilimpa kwa shingo upande.

Mwaka jana vidole vya miguu vya Baba vilianza kuoza, figo zikafuata. Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa kumi alasiri, alinisogezea kikombe chake cha maji ya bomba. "Onja, Fides. Usimwonee mama yako." Nilikirudisha kwenye stuli bila kuonja, nikamwambia alale. Muda si mrefu akakata roho.

Wasifu uliochapwa kwenye ratiba zenu unaishia hapo. Yanayofuata nimeyaandika kwa kalamu leo asubuhi.

Wachimba kaburi waliomba chai. Ufunguo wa sanduku ninao, lakini sikuwa na moyo wa kulifungua, nikawapikia hivyo hivyo, bila sukari. Mama alikuwa chumbani na wanawake, karibu na mwili, na hakutoka hata mara moja. Nikiwa jikoni nilifungua daftari la Baba kuhakiki tarehe ya ndoa, aliyokuwa ameiandika humo. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa kutetemeka, alikuwa ameandika "hunigtear": chozi la asali, ile inayodondoka yenyewe kwenye sega bila kukamuliwa. Nililitamka juu ya sufuria, kujaribu tu kama ulimi wangu unaliweza. Chai iliyokuwa ikitokota ikanyamaza ghafla, na kuni zilikuwa zinawaka.

Baadaye Edson, kiongozi wa wachimbaji, alirudi na kikombe. "Dada Fides, sukari umezidisha."

Nikaonja. Ilikuwa tamu kama ile ya Baba.

Na ninyi mliokaa mbele mnawaona sisimizi juu ya jeneza. Tumewafuta mara tatu. Naomba msiwafute tena.

Marehemu ameacha watoto watatu, Gasper, mimi na Eva, wajukuu saba, ndugu wengi Isongole na ng'ambo Malawi, na mjane wake, Atuganile, ambaye tangu daktari akataze hakumtilia kijiko hata kimoja. Mama, nimekuonea miaka sita. Ufunguo huu hapa, uchukue. Nisamehe.

Baba, nenda kwa amani kwa aliyekuumba. Jioni ya leo nitakula kwa Mama, akinikubalia.