Jina la Mama Yake Ausi

Miaka ile, kabla Wadachi hawajateremka Bagamoyo na bendera yao, baraza yetu ilikuwa kwenye kona ambapo misafara ya bara ilipita ikiingia mjini. Ilikuwa baraza ya mawe, imebanduka chokaa upande mmoja kwa kukaliwa. Tulikuwa wanne. Aliyeuza kahawa jina lake Mgeni, nasi tulimwita Dele kwa ajili ya dele lake la shaba, birika la kahawa. Mwinshehe, mchambua sandarusi, ule utomvu mkavu wa kuuzwa ng'ambo, tulimwita Kadhi. Hakuwa na elimu hiyo, ila hakuna jambo lililopita mbele yake bila kuhukumiwa. Polikarpo, seremala aliyelelewa na mapadri wa misheni, tulimwita Padri, wala hakuchukia. Mimi Mrisho nilikuwa nikishona mahema ya misafara, wakaniita Sindano. Wenzetu wawili walikuwa mbali: Mwinyijuma alihamia Unguja, kazi yake forodhani, na Ausi, mpishi wa misafara, alikwenda Tabora akaoa huko, asirudi. Lakini hata hao tulikuwa nao. Likiwajia wazo lolote, hata la kipuuzi, walimpa mtu anayekuja kwetu alibebe kichwani, naye akifika alilitua hapo barazani pamoja na salamu.

Siku ninayoisema, baada ya sala ya alasiri, lilikuwa limefika wazo la Mwinyijuma.

— Anauliza hivi, alisema Dele huku akimimina. Paka wa chomboni akizaa katikati ya bahari, watoto wake ni wa wapi?

— Ni wa nahodha, alisema Kadhi.

— Hakuuliza ni wa nani. Kauliza ni wa wapi.

— Basi ni wa pale chombo kilipong'oa nanga.

— Mimi nasema ni wa pale watakapokula samaki wao wa kwanza, alisema Dele.

— Kwa hukumu hiyo, nikasema, mimi ni mtu wa Saadani. Samaki wangu wa kwanza nilimla huko, na nimezaliwa hapa.

— Labda ndiyo maana huishi kuwasifu watu wa Saadani, alisema Kadhi. Mimi nimefikiri zaidi. Paka wote wa Unguja wamezaliwa baharini. Ndiyo sababu wanalala mchana kutwa: wanangoja kufika.

Dele alilipenda hilo, akasema atampelekea Mwinyijuma. Polikarpo alikuwa akiparuza mpini wa tezo kwa kipande cha chupa, hakusema neno. Mara nyingi alikuwa hivyo. Alitusikiliza kama mtu anayeota moto.

— Bora wazo la Ausi, alisema Kadhi. Lile lilikuwa na maana.

Wazo la Ausi lilikuwa limetufikia msimu uliopita. Alisema ameona watu wa Tabora wakipiga miayo hufunika mdomo kwa mkono wa kushoto, akataka tumkumbushe sisi wa pwani tunafunika kwa mkono gani, maana amekaa huko mpaka amesahau. Basi tulikaa tukitazamana, tukingoja mtu apige miayo, na mtu akijua anatazamwa miayo haiji. Tulizozana mwezi mzima. Mwisho tukampelekea jibu: Kadhi, kulia, Sindano, kulia, Padri, mkono wowote usio na chombo cha kazi, Dele hafuniki. Tulikuwa tukingoja atasemaje.

Ndipo akaja mtu mrefu, mpagazi, mabega yamekomaa kwa mizigo. Alisimama mbele yetu akatutazama mmoja mmoja.

— Masalkheri, akasema. Hapa ndipo kwa Dele, na Kadhi, na Padri, na Sindano?

— Ndipo, alisema Dele. Karibu, ndugu yangu. Watoka wapi?

— Tabora. Naitwa Kapaya. Ausi alikuwa jirani yangu.

Kadhi alisogea kumpa nafasi. Uso wake ulikuwa umekunjuka.

— Katuambia nini juu ya miayo?

Kapaya alikaa. Dele alimpa kikombe, akakishika bila kunywa.

— Jibu lenu lilifika, akasema. Alicheka sana. Aliwaeleza watu wa mtaa mzima. Baadaye ikaja ndui. Ausi hatunaye, mabwana.

Kadhi alisema innalillahi, sauti yake ndogo, na sisi tukaitikia. Polikarpo alifanya ishara ya msalaba. Dele alishika dele lake kwa mikono miwili, akaliweka chini, halafu akaliinua tena bila sababu. Hapakuwa na mtu aliyemwangalia mwenzake. Mimi niliwaza jambo la ajabu: kwamba nilikuwa sijamwona Ausi miaka mingi, na wala sikuwahi kuona kwamba hayupo, mpaka pale.

— Alizikwa vizuri? aliuliza Kadhi.

— Vizuri. Watu wa pwani walioko huko walimsalia. Shehe alipotaka kumsomea talakini kaburini, amkumbushe maiti imani yake, aliuliza jina la mama yake, amwite kwalo. Hatukulijua. Akamwita mwana wa Hawa, akasema ndivyo afanyiwavyo mtu asiyejulikana mama.

— Inafaa, alisema Kadhi. Sisi sote ni wa Hawa.

— Inafaa kwa maiti, alisema Kapaya. Lakini mkewe, Sihaba, alikuwa mjamzito. Amezaa baada ya mazishi. Mtoto wa kike. Na Ausi alikuwa amemwambia: akiwa wa kike atapewa jina la mama yangu. Mkewe akamwuliza, jina gani? Akasema, halitajwi kabla ya wakati. Siku ya jina nitakwambia. Basi mtoto anaitwa Mtoto tu. Sihaba aliposikia msafara wangu unateremka, alinijia. Akasema: nenda Bagamoyo kwa wale rafiki zake. Miaka yote wanapelekeana maneno. Wao watajua.

Akatuangalia.

— Mama yake Ausi aliitwa nani?

Dele alimtazama Kadhi. Kadhi alinitazama mimi. Mimi niliangalia vidole vyangu.

— Ausi alikuwa mtu wa Winde, alisema Dele. Alipika mchuzi kama watu wa Winde.

— Wa Kilwa, alisema Kadhi. Akihesabu, alihesabu kama mtu wa Kilwa. Na wanawake wa Kilwa majina yao yanajulikana. Tukiyataja yote, mojawapo litakuwa lake.

— Hakuwa wa Kilwa, nikasema. Alikuja na tajiri mmoja, akiwa mtoto. Yule tajiri alikuwa na nyumba Pangani. Basi mama yake huenda alikuwa mpishi wa nyumba hiyo, ndipo naye akajua kupika. Na wapishi wa Pangani...

— Huyo tajiri alimpata wapi mtoto? aliuliza Polikarpo.

Ilikuwa mara ya kwanza aseme tangu tuketi. Sote tulijua matajiri wa misafara walipata wapi watoto miaka ile. Tulikuwa tumelijua siku zote, na kwa sababu tulilijua hatukumwuliza Ausi. Tuliona ndiyo adabu.

— Sikilizeni, alisema Dele. Mtoto hajui, na mama yake hajui. Tumpe jina zuri, tuseme ndilo. Nani atadhurika?

— Usifanye hivyo, alisema Polikarpo.

— Kwa nini?

— Mimi nilipewa jina hivyo. Walipotukomboa na kutuleta misheni, kila mmoja aliulizwa jina lake. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa na homa, sikuweza kusema. Wakanipa Polikarpo. Ni jina la mtakatifu, sina lawama nalo. Lakini nilikaa muda mrefu nikiitwa, nisigeuke. Walidhani mimi ni kiziwi.

Aliupuliza ule mpini wake, ingawa haukuwa na vumbi.

— Mwambie Sihaba kweli, akasema. Mwambie hatujui.

Kadhi, ambaye sikuwahi kumwona akishindwa kutoa hukumu, aliinama. Kisha akasema, maneno yakimtoka kwa shida:

— Tumejua mawazo yake yote. Tumejua aliota ndoto gani kule Ugogo. Tumejua hapendi ndizi za kuchoma. Hili moja hatukuuliza.

— Hata wewe hatujakuuliza, nikamwambia. Mama yako anaitwa nani, Mwinshehe?

Nilishangaa kusikia nimelisema jina lake. Yeye pia alishangaa. Kwetu mtu mzima hamtaji mama yake barazani mbele ya wanaume. Alitazama mtaani kwanza, akaona hakuna mtu.

— Mwaija, akasema. Yuko Zinga. Haoni tena, lakini mhogo bado anaumenya mwenyewe.

— Wangu alikuwa Mina, alisema Dele. Alikufa nikiwa safarini. Alikuwa mkali.

— Mwajabu, nikasema. Ndiye aliyenifundisha kushona.

Kapaya alikuwa akisikiliza kwa makini, midomo yake ikicheza kidogo, kama afanyavyo mtu aliyezoea kubeba maneno.

— Mchukulie hayo, Kadhi alimwambia Kapaya. Mwambie Sihaba la Ausi hatulijui, na tunaona haya. Lakini mama zetu ni hawa. Akipenda, achague. Asipopenda, hatutaudhika.

— Na wewe? Kapaya alimwuliza Polikarpo.

— Mimi silijui. Nilikuwa nikimwita mama kwa lugha ya kwetu, na neno lenyewe limenitoka. Nimewauliza wapagazi wa kila kabila kwao mama anaitwaje. Hakuna lililonigusa.

— Basi hukumbuki lolote?

Polikarpo aliuweka mpini chini.

— Alikuwa akipuliza uji wangu, akasema. Hata ulipokuwa umepoa. Aliupuliza ndipo akanipa.

Kadhi alifunika uso kwa kofia yake. Dele alikwenda kuchochea makaa, akarudi akasema kahawa imekwisha. Ilikuwa bado, niliisikia ikichemka.

Kapaya alisimama, kwani msafara wao ulikuwa unapanda kesho yake alfajiri. Kabla hajaondoka aliyarudia yale maneno kwa sauti, mbele yetu, tumsahihishe akikosea. Mama wa Kadhi, Mwaija, yuko hai, anamenya mhogo. Mama wa Dele, Mina, alikuwa mkali. Mama wa Sindano, Mwajabu, alijua kushona. Akafika kwa Polikarpo, akayapanga kwanza.

— Mama wa Padri, akasema, alipuliza uji hata ukiwa baridi.

— Ndivyo, alisema Polikarpo.

Mwinyijuma tulimpelekea habari Unguja. Alijibu kwamba naye hajui, na kwamba ile habari ya paka tumsamehe. Hatujamjibu juu ya paka mpaka leo.

Msimu uliofuata Kapaya hakuja. Alikuja mpagazi mwingine, kijana wa maneno machache ambaye hakutujua, akasimama pale kona akauliza majina yetu, la kila mmoja, kuhakikisha. Kisha akatutolea alichopewa.

Mtoto ameitwa Mwajabu. Sihaba anasema amelichagua hilo kwa kuwa hata yeye ni mshonaji. Kadhi na Dele wasione vibaya. Mtoto hajambo, anatembea.

— Na huyu Padri ni nani? aliuliza.

— Mimi, alisema Polikarpo.

— Wewe una lako peke yako. Sihaba anasema amempulizia mtoto uji tangu siku ile Kapaya aliporudi. Sasa mtoto amejifunza, anapuliza mwenyewe. Kila anachopewa anapuliza kwanza. Hata maji ya mtungini.