Kiti cha Arobaini

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni. Kifungua mimba wangu, weka simu mfukoni. Wa kati, acha kuegemea ukuta, njoo ukae hapa miguuni pangu. Na wewe kitinda mimba, mama yangu, niinulie mto kidogo niwaone nyote. Daktari ameshasema lake, nami nimemsikia, sina ugomvi naye. Nimekula chumvi nyingi na nashukuru. Asilie mtu kabla sijamaliza, nikisikia kilio nitasahau nilipofika.

Nyumba kwanza. Nyumba ni yenu nyote watatu, na hati yake iko kwenye sanduku la zana, chini ya randa kubwa. Kitinda mimba ataishi humu kadiri apendavyo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akinigeuza ubavu miezi yote hii, na vile vyumba viwili vya uani mtapangisha. Mkipangisha, msimuulize mtu kabila lake. Muulizeni kama hufunga geti na kama anakoroma, basi, kwa sababu ukuta wa uani niliujenga mwenyewe na ni mwembamba.

Nasema hivyo kwa sababu mimi na mama yenu tulipohamia hapa, mtaa mzima ulikuwa wa watu wengine, lugha yao hatuijui, na sisi tumebeba godoro kichwani. Aliyetuuzia nyumba alikuwa mjane mshona mapazia. Angeweza kutuachia ufunguo na kwenda zake, lakini alikaa siku nzima akituonyesha bati linalovuja na bomba linalotaka kupigwa kofi ndipo litoe maji, kisha akamshika mama yenu mkono, akampitisha mlango kwa mlango akisema, "Huyu ni mwenzenu." Kumbukeni hilo, maana mimi nililisahau. Watu wake walihama mmoja mmoja, watu wa kwetu wakaja mmoja mmoja, mpaka ikafika mahali ukipiga chafya humu ndani, unaombewa heri kwa lugha yetu ng'ambo ya barabara. Tukaanza kujiita wenye mtaa. Miaka kumi na mitano tu ilitosha tusahau lile godoro.

Ndipo tukaunda chama cha kufa na kuzikana, na mimi wakaniweka mwenyekiti. Nilikitengenezea viti arobaini kwa mikono hii, vya mbao ngumu, miguu nimeichomeka kwa tundu na ulimi, hakuna msumari hata mmoja. Mgongoni mwa kila kiti nikaandika kwa rangi nyeupe jina la chama, nalo lilikuwa jina la kabila letu, herufi pana kama vidole vitatu. Niliviona vizuri sana. Nilivipanga hapo chumba cha mbele, nanyi mkawa mnajifichia chini yake.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sijawahi kuwaambia. Mnamjua fundi baiskeli wa pale kona, tuliyempa jina la Spoki. Yeye alikuwa wa kwanza wa kabila lake kupanga mtaa huu. Tulimcheka anavyoongea, tukasema watu hawa hata wakisalimiana utadhani wanagombana. Alasiri moja alinijia amevaa shati safi, mikono ameisugua mpaka mafuta ya mnyororo yamebaki kwenye kucha tu, akasimama kwenye kizingiti kile pale, akaniambia ana mke na watoto, angependa kuingia kwenye chama, maana kifo hakibishi hodi. Nyuma yangu palikuwa na viti arobaini, wanangu. Arobaini. Sikumkaribisha hata kimoja. Nikamwambia, "Hiki ni chama cha wenye mtaa. Watu wako wakifika wengi, mtaunda chenu." Akasema, "Asante, mzee," akageuka akaenda zake. Kama angenitukana ningekuwa nimeshasahau siku nyingi.

Mama yenu alisikia kutoka jikoni. Siku tatu chakula kinawekwa mezani na kifuniko kinabamizwa. Wiki iliyofuata nikahesabu viti, vikawa thelathini na tisa. Nikamsingizia kinyozi, kwa kuwa aliwahi kuazima kimoja akakichelewesha, na nikamtangaza kwenye mkutano kuwa ana mkono mrefu. Tangu siku hiyo kinyozi ananinyoa upande mmoja juu, upande mmoja chini, na mimi nazidi kwenda, kila mtu na kiburi chake.

Mkumbuke usemi huu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Watu wetu walianza kuhamia ule mtaa mpya ng'ambo ya mto, kwenye nyumba zenye nafasi ya gari, na hata wewe kifungua mimba ukaenda, na siwalaumu, kila ndege hujenga pale anapopata majani. Ila chama nacho kilikwenda nao. Nilibaki mimi, kinyozi na mguu wake mbovu, na wazee wawili wa kushikwa mkono. Na hapo ndipo mama yenu alipofariki, wiki ya mvua, daraja limezama, wanachama wanapiga simu kutoka ng'ambo wanasema poleni sana. Kifungua mimba ulikuwa safarini kikazi. Wa kati, wewe ulikuwepo. Jeneza lilitaka wanaume sita, nasi wenye magoti mazima tulikuwa wawili, mimi na wewe. Ulinitazama, nikaangalia pembeni, maana baba hapendi mwanawe amwone ameshindwa.

Nilipotoka nje nikawaona wamesimama ng'ambo ya geti, mbele yao Spoki, nyuma yake mchomelea vyuma, mama muuza mboga na wanawe, na wengine nisiowajua majina, wamelowa, hawaingii, kama watu waliofika kwenye nyumba yenye mbwa. Mbwa mwenyewe nilikuwa mimi. Spoki alikuwa amebeba kiti begani. Akaniambia, "Mzee, mama alinipa hiki siku ile, akasema nikikalie mpaka utakaponikaribisha mwenyewe. Nimekirudisha, leo watu watahitaji pa kukaa. Na kama utaturuhusu, tungependa kumbeba."

Nilikipokea kile kiti changu cha arobaini. Nikakigeuza kuona jina. Halikuwepo. Miaka tisa alikuwa akikaa juu yake akirekebisha magurudumu ya watu, na mgongo wake ulikuwa umeifuta rangi yote, mbao imebaki inang'aa. Nililia, wanangu, nikalia mbele ya watu, na wao wakaingia wakambeba mama yenu kwa miguu hadi makaburini nyuma ya shule, kwenye tope, bila kuyumba.

Kwa hiyo mnaposema mzee amerudi utotoni, anashinda chumba cha mbele akisugua viti kwa msasa, mjue akili yangu iko timamu. Naondoa jina. Nimemaliza ishirini na tisa. Pumzi ndiyo iliyogoma. Vimebaki kumi, na hivyo mtavisugua ninyi watatu kwa mikono yenu, wala msiite fundi. Mfuate mkondo wa mbao, msiukate.

Na wewe kifungua mimba, masikio yangu hayajafa. Nimesikia umekubaliana na chama kwamba lori lije Jumamosi lichukue viti, na kwamba mimi nami mtanipeleka kule nikazikwe kati ya watu wetu. Najua umefanya kwa mapenzi, nakushukuru. Lakini hapana. Viti ni mbao zangu na jasho langu, chama kilitoa rangi tu, na rangi tunaiondoa. Vibaki hapa mtaani, aazime kila mwenye msiba au furaha, awe wa lugha yoyote. Mimi mnilaze ubavuni mwa mama yenu, nitoke kwa mlango huu, kwa miguu, na mbele ya jeneza kulia ashike Spoki. Wewe ushike kushoto, mlingane naye. Watu wetu wakija, wakaribishwe, wapewe viti. Hao ndio watu wangu pia. Siwakani.

Kinyozi mwambieni namwomba radhi, hakuiba. Mwambieni aje aninyoe mara ya mwisho, na safari hii pande zote mbili zilingane.

Nipeni maji kidogo. Basi, yanatosha.

Nashukuru, wanangu. Nilikuja mjini na msumeno mmoja, nikapata mke aliyekuwa na akili kunishinda, nikapata ninyi. Nimezikiwa mke wangu na watu niliowafungia mlango. Nani amepewa zaidi ya hapo? Muwe na afya. Mpendane. Mikono yenu isikose kazi, wala milango yenu isikose mgeni. Aliyetangulia kufika mahali asi... asijione ndiye aliyepaumba.

Sauti inakwisha. Bado neno moja.

Spoki yuko kibarazani. Namsikia akikohoa, yupo tangu asubuhi. Hajaingia, anadhani maneno haya ni ya wenye nyumba. Miaka yote hii ameingia humu kwa msiba, ameingia kuniletea dawa, mimi sijamtamkia lile neno alilolisubiri mama yenu.

Kifungua mimba. Nenda wewe. Kile kiti cha arobaini, kile... kiweke hapa, karibu na kichwa changu. Kisha fungua mlango.

Karibu, bwana. Karibu ukae.