Mbweha Aliyeruka kwa Tarumbeta ya Muuza Tofu

Umezisikia hizo noti mbili, msikilizaji? Ya pili iko chini kidogo ya mahali pake. Haikukosewa. Aliyeiweka hapo ni Tazuko Inagaki, na Tazuko Inagaki ametutoka Jumanne iliyopita, hapa hapa Osaka, akiwa na miaka sitini na sita.

Jina hilo huenda hulijui. Si kosa lako, na sababu nitaieleza. Huyu ndiye aliyetunga muziki wa Konzo, mchezo wa kompyuta wa kwenye televisheni, wa yule mbweha mdogo anayeruka kutoka paa hadi paa kila ukibonyeza kitufe kwa kidole gumba cha kulia. Narudia, wasikilizaji wapendwa: muziki wote wa Konzo ni kazi yake. Mimi mchezo wenyewe ulinishinda. Paa la tatu tu, mbweha wangu chali. Lakini muziki niliujua, maana majirani zangu hawakunipa nafasi ya kutoujua.

Tazuko alizaliwa mtaani Abeno, nyuma ya duka la tofu, ile jibini laini ya soya. Baba yake, mzee Genzo Inagaki, alikuwa akizungusha tofu kwa baiskeli kila jioni, akipuliza tarumbeta yake ndogo ya shaba. Noti mbili. Kina mama wakizisikia, wanatoka na bakuli. Tarumbeta ile iliwahi kuanguka ikabonyea, na tangu hapo noti ya pili ikalegea. Watu wakamshauri anunue nyingine. Akasema wateja wameshaizoea.

Mzee hakuwa na mtoto wa kiume. Mpango wake ulikuwa ule wa siku zote: binti mkubwa aolewe, mkwe aingie nyumbani, achukue jina la Inagaki pamoja na duka. Lakini binti mkubwa alisomea piano, kisha akaajiriwa na kampuni ndogo ya michezo ya televisheni. Mdogo wake, Bi Fumie, anaikumbuka jioni aliyowaambia.

"Baba alisema, 'Kwa hiyo piano yote ile ni ya kupigia wanasesere?' Dada akamjibu, 'Baba, kuna watu watasikiliza.' Baba akasema, 'Watu gani? Wale hawasikilizi, wanabonyeza tu. Ukitoka hapo mlangoni, usirudi kuniomba tofu.' Na dada naye, kichwa ngumu kama baba yake, akatoka."

Akatoka. Miaka miwili baba na binti hawakusemezana. Ndugu walijaribu kuwapatanisha, wakagonga mwamba.

Sasa twende kazini kwake. Bwana Kuramochi, aliyeandika programu ya Konzo, alikaa naye meza moja. Anasema mashine za wakati ule zilikuwa na sauti tatu tu za kuimbia. Mbweha akiruka, mlio wa kuruka lazima uazime sauti moja kati ya hizo tatu. Wimbo unapungua. Watunzi wengi waliacha upungue, liwalo na liwe. Tazuko aliutunga wimbo uache pengo mapema, ili mlio ukiingia ukute nafasi yake. Na mlio wenyewe ukawa noti mbili.

"Mkuu wetu alimwambia, 'Inagaki, noti ya pili imelegea. Irekebishe.' Akajibu, 'Ndiyo, Mkuu.' Wala hakuigusa! Kesho yake tena, 'Ndiyo, Mkuu.' Nikamwuliza, 'Wewe mwanamke, unatafuta kufukuzwa?' Akaniambia, 'Nikiinyoosha, mwenyewe hataitambua.' Sikumwelewa. Nilidhani ana njaa."

Hakuwa na njaa, bwana Kuramochi. Msikilizaji, kampuni hizo hazikuandika majina ya kweli mwishoni mwa mchezo. Ziliogopa wapinzani wasije kuwanyakua watu wao. Kila mtu aliandikwa jina la utani. Tazuko alijiandika Okara, yale machicha ya soya yanayobaki maziwa ya kutengenezea tofu yakishakamuliwa. Jina lake halikuwamo. Kumwambia baba yake "tazama, hii ni kazi yangu" hakuweza. Alikuwa na zile noti mbili tu.

Konzo akatoka mwaka 1986. Jioni moja mzee Genzo anakanyaga pedali kwenye mtaa wa maduka, akasikia tarumbeta. Si yake. Yake iko kifuani, inaning'inia. Sasa, wauza tofu wana heshima zao: kila mmoja na mtaa wake, mtu haingii kwa mwenzake. Mzee akageuza baiskeli, maji ya tofu yakamwagika, akaufuata mlio mpaka kwenye duka la umeme la bwana Shibata. Shibata yu hai, ana miaka themanini na ushee, na hadithi hii huisimulia bila kuombwa.

"Aliingia amefura. 'Mtoe nje!' Nimtoe nani, mzee? 'Muuza tofu!' Nikamwambia, 'Mzee Inagaki, humu nauza pasi na feni. Muuza tofu ni wewe peke yako, na unanilowanishia sakafu.' Mara mbweha wa kwenye televisheni akaruka. Mzee akasogea karibu. Akasema, 'Mrushe tena.' Nikamrusha. 'Tena.' Mwisho akasema, 'Hiyo ni tarumbeta yangu. Huyo ni Tazuko.' Akaketi juu ya boksi la feni, akalia. Mimi nikajifanya nafuta vumbi."

Kuomba msamaha mzee hakujua. Jumamosi iliyofuata alisimama nje ya lango la kampuni, akapuliza. Tazuko akashuka ngazi mbio. Bakuli hana, kabeba beseni la kuoshea vikombe vya chai.

"Noti ya pili umeipatia," baba akasema.

"Naomba mbili, za kukaanga," binti akajibu.

Yakaisha hapo. Jumamosi zote zilizofuata alipita, mpaka miguu ilipomkatalia.

Nilikwenda kumuaga Tazuko. Bi Fumie alitaka tarumbeta iingie jenezani, lakini wahudumu wakamweleza kwa upole kwamba jeneza huchomwa pamoja na maiti, na shaba hairuhusiwi motoni. Basi akabaki nayo mkononi. Gari la maiti likapiga honi yake ndefu ya kuaga, kama ilivyo ada, na Bi Fumie akaipuliza tarumbeta ya baba yake. Uani walijaa watu wa makamo, nguo nyeusi, wasiojulikana na familia, mikono imeunganishwa kwa sala. Noti zile mbili zilipolia, niliviona vidole gumba vyao vya kulia. Vilibonyeza vyote, kwa pamoja, hewani.

Bi Fumie, pole sana, wewe na jamaa wote wa Inagaki. Nasi tuliobaki tulifikirie neno la mzee Genzo, kwamba watu hawasikilizi, wanabonyeza tu.

Sasa nampisha Konzo. Tega sikio anaporuka. Sauti moja ya wimbo itanyamaza kidogo. Hapo Tazuko anampisha baba yake.