Mvua Inayotanguliwa na Vumbi

Katika basi la kutoka Bahi, Penina alijifanya amelala, kumbe ametega masikio kwa vijana wawili wa siti ya mbele yake waliokuwa wakitengeneza gemu ya kompyuta ya wachunga ng'ombe.

“Kefa, tutumie injini ya gemu ya kampuni, iliyokwisha tengenezwa. Mvua imo tayari, na maonyesho ni Jumamosi!”

“Mvua ya kwao hiyo, Nisha. Ya kwetu hutanguliwa na vumbi. Injini huria, iliyo wazi kwa kila mtu, tunaifungua, mvua tunaiunda wenyewe.”

“Utaiunda lini? Ng'ombe wako tu bado anatembea kinyumenyume!”

Kupitia dirishani Penina akasikia harufu ya udongo unaolowa. Alitamani kusema, “Msiliache vumbi,” lakini haya zikamzuia.

Basi likasimama stendi. Walishuka wakibishana, hadi upepo ulipoinua vumbi. Wote wawili wakatazama juu, kuona kama mvua inafuata.